Jarida la hesabu la duka la Mama

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Leo hatukuandika muamala hata mmoja. Mjomba amesema jarida la hesabu halianzi na mauzo ya leo, linaanza kwa kujua duka lina nini na linadaiwa nini. Basi tukafungua kabati la vitambaa, tukapima mabaki ya majora kwa futikamba, tukahesabu zipu, tukakadiria vifungo kwa pakiti. Taslimu iliyokuwa kwenye sanduku ni 180,000. Kwenye simu ya duka, 245,000. Vitambaa na vikorokoro vyote vya kushonea, 620,000. Vyerehani vitatu, kwa bei ambayo vingeuzika leo hapa Ngamiani, 1,050,000. Wateja waliochukua nguo bila kumalizia malipo, 95,000. Jumla 2,190,000.

Upande wa pili kuna tajiri wa vitambaa wa Kariakoo anayetudai 310,000, na wateja waliotanguliza advansi kwa nguo ambazo bado hazijashonwa, 140,000. Inabaki 1,740,000. Mjomba akaiandika kwa jina la Mtaji, na akaiweka upande ule ule wa madeni.

Mama hakukubali. Duka lake, vyerehani vyake, vipi mali yake ikae safu moja na madeni ya watu? Mjomba akamjibu taratibu, kama anavyomjibu siku zote, maana ni dada yake mkubwa: "Dada, duka nalo ni mtu. Limechukua kwako 1,740,000. Likifungwa kesho, kila mwenye haki yake akalipwa, hicho ndicho litakachokurudishia."

Ninaamini somo zima limo humo. Shuleni tulianzia kwingine: tuliandikiwa ubaoni kwamba mali ikiongezeka ni debiti, deni likiongezeka ni krediti, tukakariri na tukafaulu mtihani, lakini hakuna aliyetuambia kitabu kile kinasema kwa niaba ya nani. Kinasema kwa niaba ya duka. Ukishalikubali hilo, Mtaji kukaa upande wa krediti hakuna ajabu tena, maana kwa duka, Mama ni mmoja wa wanaolidai, ila yeye analipwa mwisho.

Alhamisi, 5 Desemba

Majora mawili ya bluu ya sare yamefika kwa basi kutoka Dar. Muamala wa kwanza. Nimeuandika mwenyewe, Mjomba akiwa ameshika miwani mkononi:

Debiti: Vitambaa 280,000
Krediti: Fedha za Simu 100,000
Krediti: Tajiri wa Kariakoo 180,000
(Majora mawili ya bluu ya sare za shule. Tumelipa sehemu kwa simu, salio mwisho wa Januari.)

Mistari mitatu, na pande mbili zinalingana. Kwenye daftari la zamani la Mama muamala kama huu uliandikwa "vitambaa laki", basi. Laki ndiyo iliyotoka, kwa hiyo laki ndiyo iliyoandikwa, na ile 180,000 ikabaki kichwani mwake pamoja na madeni mengine ya miaka yote.

Nauli ya mzigo, 6,000 taslimu, nilitaka kujua inakwenda wapi. Mjomba akasema gharama ya kukileta kitambaa dukani ni sehemu ya bei ya kitambaa, kwa hiyo Vitambaa videbitiwe 6,000 na Taslimu ikreditiwe. Makato ya kutuma fedha kwa simu tumeyafungulia akaunti yake, Makato ya Simu, kwa sababu Mama anataka kuona kwa mwezi mzima yanafika ngapi. Ni sababu nzuri kabisa ya kufungua akaunti: kuna jambo mwenye duka anataka kulijua.

Kuhusu yale maelezo ya kwenye mabano, Mjomba hataki mchezo. Alipokuwa karani wa hesabu kwenye shamba la mkonge, muamala usio na maelezo ulirudishwa, hata kama tarakimu zake zilikuwa sahihi. Tarakimu zinasema kiasi. Baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka kwa nini.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeshinda nikisoma habari za Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati, ambaye mwaka 1494 alichapisha Venice kitabu kikubwa cha hesabu chenye sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza vitabu vyao. Hakudai kuwa yeye ndiye aliyebuni. Aliandika alichokikuta kinafanyika, na kabla yake, mwaka 1458, Benedetto Cotrugli, mfanyabiashara wa Ragusa, alikuwa ameshaligusa jambo hilo katika kitabu chake kuhusu biashara, ila kilikuja kuchapishwa zaidi ya miaka mia baadaye.

Kilichonishika ni vile vitabu vitatu vya Pacioli. Cha kwanza ni cha kumbukumbu: chochote kinachotokea kinaandikwa pale pale, na yeyote aliyepo, awe mwenye mali, mkewe au mtumishi, kwa fedha yoyote iliyotumika. Cha pili ni jarida: mwenye kujua anakaa, anakinakili kile cha kwanza kwa utaratibu, fedha zote zikiwa za aina moja, mdaiwa akitangulia na mdai akifuata. Cha tatu ni leja, ambamo kila akaunti ina ukurasa wake.

Sasa naliangalia daftari la kaunta la Mama, lenye jalada lililopauka na alama za chaki ya fundi, na naona halina kosa lolote. Lilikuwa kitabu cha kwanza. Vilikosekana viwili vilivyopaswa kulifuata. Nimemwambia aendelee nalo vile vile, aandike kwa haraka zake, "Mama Mchungaji sketi 2, katoa 10", na mimi jioni nitayahamishia kwenye jarida. Amefurahi, maana alidhani daftari lake linatupwa.

Mjomba alipokuja nilimsomea. Akasema wakati wa ujana wake wenye maduka wa Kihindi hapa mjini walikuwa na vitabu virefu vyenye majalada ya kitambaa chekundu, wameandika kwa Kigujarati, na vipya vilifunguliwa kwa dua wakati wa Diwali. Halafu akanikumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, muda wake ujulikane, mwandishi awe mwadilifu. Hakuongeza neno, akaomba chai.

Jumanne, 10 Desemba

Advansi. Hapa nataka niandike kwa kirefu, kwa sababu naamini ndipo maduka ya kushona yanapofia.

Amekuja mzazi mwenye watoto wawili. Sketi mbili, mashati mawili, jumla 48,000. Ametanguliza 20,000 taslimu, nguo ziwe tayari kabla shule hazijafunguliwa. Mama akachukua vipimo, akazitia fedha kwenye sanduku, akaandika kwenye daftari lake: "kaingiza 20". Kwa jicho la sanduku, tumepata 20,000. Nilipofungua jarida nikajiuliza, duka limefanya nini hata lipate? Halijakata kitambaa. Fundi hajakaa kwenye cherehani. Mzazi akirudi kesho akasema anahama, tutamrudishia 20,000 zake. Kwa hiyo:

Debiti: Taslimu 20,000
Krediti: Advansi za Wateja 20,000
(Advansi ya sketi 2 na mashati 2, jumla ya kazi 48,000.)

Advansi za Wateja ni akaunti ya deni. Kila mzazi anayetanguliza analiongezea duka fedha na deni kwa pamoja, shilingi kwa shilingi. Pato litaandikwa siku nguo zitakapochukuliwa: debiti Advansi 20,000, debiti Taslimu 28,000, krediti Mapato ya Ushonaji 48,000. Siku hiyo deni linakufa na pato linazaliwa.

Desemba ndio mwezi wa advansi. Wazazi wanakuja kwa mfululizo, sanduku linajaa, na mafundi wa mji huu wanaingia mwaka mpya wakiwa na fedha mkononi na rundo la nguo zisizoshonwa. Fedha zinatumika. Januari inafika, kitambaa kimekwisha, wa kumkopa hayupo, na mzazi yuko mlangoni na mtoto amevaa sare ya mwaka jana. Watu husema fundi fulani ni mwongo. Wapo waongo kweli. Lakini wengi, nina hakika, hawakuwahi kuonyeshwa ukurasa unaotenganisha fedha waliyoipata na fedha waliyopewa kwa kazi ambayo bado hawajaifanya, na inaniuma kuona mtu mwenye mkono mzuri wa kushona anapoteza jina lake kwa kukosa ukurasa huo.

Ijumaa, 13 Desemba

Mama amechukua 15,000 kwenye sanduku kwa ajili ya samaki na unga. Nikaandika: debiti Matumizi ya Mwenyewe, krediti Taslimu. Akaona.

"Niandikwe mie, na duka langu?"

Nikamwambia hakuandikwa kwa kosa. Akanyamaza, akaendelea kupiga pasi. Baadaye, bila kunitazama, akauliza, "Umeandika na za jana, za dawa ya bibi yako?" Nikasema sijaziandika, sikujua. "Ziandike. Elfu nane."

Nimeandika. Katika hatua zote tulizopiga, hii ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa sababu nyumba yetu nzima imekula, imesoma na imetibiwa kutoka kwenye sanduku lile. Akaunti ya Matumizi ya Mwenyewe si gharama ya duka. Samaki hakushona nguo. Inapunguza Mtaji moja kwa moja: duka linamrudishia mwenyewe sehemu ya kile lilichochukua kwake. Ana haki nayo. Anachohitaji ni kujua anachukua kiasi gani.

Jumatatu, 16 Desemba

Swali lililokuwa likinisumbua tangu shule nimelipatia jibu. Benki ikikutumia ujumbe kwamba akaunti yako imekreditiwa, fedha zimeingia. Kwenye jarida letu fedha zikiingia tunadebiti. Nani amekosea? Hakuna. Benki inaandika vitabu vyake yenyewe, na fedha yangu ikiwa kwake ni deni ninaloidai mimi, niiache au niichukue. Yaani benki inadaiwa nami. Deni lake limeongezeka, kwa hiyo krediti. Kwangu mali imeongezeka, kwa hiyo debiti. Tukio moja, vitabu viwili, kila kimoja kinasema kwa niaba ya mwenyewe.

Alhamisi, 19 Desemba

Umeme 18,000. Sehemu ya ujira wa fundi. Kodi ya pango ya mwezi huu 60,000. Zote ni debiti gharama, krediti taslimu au simu, hazina la kujadili.

Tajiri wa Kariakoo ametumiwa 150,000. Mdogo wangu alikuwa pembeni akasema, "Mwezi huu gharama zimezidi." Hii si gharama. Debiti Tajiri wa Kariakoo, krediti Fedha za Simu: deni limepungua, fedha imepungua, duka halikutajirika wala halikufukarika. Gharama ya kitambaa inaingia kinapokatwa na kuwa nguo ya mtu.

Jumapili, 22 Desemba

Siku ya leja. Nimehamisha jarida lote, kila mstari kwenye akaunti yake, na pembeni nimeandika namba ya ukurasa ili mtu aweze kurudi alikotoka. Kisha urari: jumla ya salio zote za debiti upande mmoja, za krediti upande mwingine. Zimelingana.

Mjomba alinipa siri za makarani wa zamani. Tofauti ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizopinduliwa, mtu kaandika 54 badala ya 45. Ikigawanyika kwa 2, tafuta nusu yake, huenda kuna kiasi kilichopelekwa upande usio wake. Lakini kanionya pia kwamba urari unaolingana haumaanishi vitabu ni sahihi. Muamala uliosahauliwa kabisa hauvurugi urari, wala makato yaliyoandikwa kwenye akaunti ya umeme. Ndiyo maana bado tunahesabu sanduku kila jioni na kusoma ujumbe wa simu mmoja mmoja.

Mama kauliza kama jarida litasaidia kodi. Litasaidia. Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka yanazidi milioni 4 na hayazidi milioni 7, asiyetunza kumbukumbu anatozwa 100,000, na anayetunza anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mauzo yakiwa 5,600,000, hiyo ni 48,000. Amelifurahia hilo kuliko Pacioli wote. Akauliza na zaka pia, nikamwambia masuala ya nisabu amuulize sheikh, ila atakapokwenda atakuwa na tarakimu zilizokwisha kutenganishwa: bidhaa peke yake, vyerehani peke yake, madeni peke yake.

Jumanne, 31 Desemba

Kufunga mwezi. Tumepima vitambaa upya: vilivyobaki ni vya 655,000. Tulianza na 620,000, tukaongeza 286,000 pamoja na ile nauli, kwa hiyo vilivyotumika ni 251,000.

Vyerehani tumevikadiria miaka 5. Mgawo wa mwezi mmoja ni 17,500: debiti Gharama ya Uchakavu, krediti Uchakavu Uliolimbikizwa. Hakuna shilingi iliyotoka, na Mama aliuliza kwa nini tuandike kitu ambacho hakikutokea. Fundi wake ndiye aliyemjibu, kutoka kwenye kiti chake, akagonga gurudumu la cherehani lake ambalo siku hizi linakwama kwenye jinzi: "Kimetokea, mama. Kinatokea kila siku."

Alhamisi, 2 Januari 2025

Matokeo.

Mapato ya Ushonaji, yaani nguo zilizokwisha kuchukuliwa tu, 640,000. Vitambaa vilivyotumika 251,000, ujira wa fundi 150,000, pango 60,000, umeme 18,000, uchakavu 17,500, makato ya simu 7,500. Jumla ya gharama 504,000. Faida 136,000.

Matumizi ya Mwenyewe 190,000.

Nilimpa Mama karatasi, nikakaa kimya. Alisoma kwa kidole. Taslimu na fedha za simu zilikuwa 425,000 mwezi ulipoanza, sasa ni 523,500. Kwa macho yake na yangu ulikuwa mwezi mzuri, fedha zimeongezeka kwa 98,500. Lakini Mtaji uliokuwa 1,740,000 sasa ni 1,686,000. Umepungua kwa 54,000, na ndiyo tofauti kamili kati ya faida na alichochukua.

"Sasa hizi zilizozidi kwenye sanduku zimetoka wapi?"

Za wazazi. Advansi za Wateja zilikuwa 140,000, sasa ni 265,000. Na tajiri wa Kariakoo bado anadai 340,000. Ukizijumlisha hizo mbili unapata 605,000, na sisi tunazo 523,500.

Hakulia wala hakulalamika. Alikunja karatasi, akaiweka kwenye droo ya mkasi, akasema tuzungumze kesho kutwa akiwa na Mjomba. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Mwanamke huyu ameamka alfajiri mwezi mzima, ameshona mpaka miguu imevimba, na nyumba yake imekula zaidi ya jasho lake bila yeye kujua. Mjomba ananiambia niliangalie kwa jicho jingine: katika miaka yote ya duka hili, hii ni mara ya kwanza limepata kusema.

Jumamosi, 4 Januari

Wamekaa, wamekubaliana. Mama atachukua 30,000 kila Jumamosi, iandikwe mara moja. Dawa za bibi tutachangiana watoto wote, zisipite dukani. Advansi zote zitakaa kwenye laini ya pili ya simu, na fedha itatoka huko siku nguo inapokatwa kununua kitambaa chake, au siku inapochukuliwa. Muamala wa kwanza wa jarida la mwaka huu ni wa kuhamisha: debiti Simu ya Advansi 265,000, krediti Fedha za Simu 200,000, krediti Taslimu 65,000. Duka halijapata wala kupoteza kitu.

Imebaki 258,500 mkononi mwa duka, na deni la Kariakoo ni 340,000. Mama amempigia tajiri mwenyewe, akamweleza kwa tarakimu, si kwa kubembeleza kama zamani. Amekubali alipwe nusu mwisho wa mwezi huu na nusu Februari. Nilitaka kuliandika kwenye jarida, Mjomba akanizuia: ahadi mpya ya tarehe haijabadilisha kinachodaiwa, hakuna kilichoingia wala kutoka. Nimeiandika kwa penseli kwenye ukurasa wa leja wa tajiri, pembeni.

Mchana Mama amezipanga upya kazi za mezani. Za waliolipa nusu kabla ya Krismasi zimewekwa juu, kwa sababu kila sketi inayotoka leo inafuta advansi, inaleta salio taslimu na kuingiza pato, yote kwa muamala mmoja. Fundi ameshakata sita.